Kufuga kuku mjini, Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafuga kuku uani kwangu, Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, mwaka wa 11 sasa. Nilianza na mitetea mitatu niliyoletewa kutoka shamba, nikafika 60, nikapata aibu nitakayoieleza huko chini, nikapunguza, na leo ninao 14. Haya ndiyo maswali ninayosimamishwa nayo njiani, harusini na dukani. Nimeyajibu kama ninavyomjibu jirani aliyepiga hodi.

Kwani kufuga kuku mjini ni marufuku?

Swali hili halina jibu moja kwa visiwa vizima, kwa sababu mwenye kauli ni baraza lako. Sheria ya Mamlaka za Serikali za Mitaa, Namba 7 ya 2014, imeyapa mabaraza uwezo wa kutunga sheria ndogo ndogo kwa maeneo yao. Kwa hivyo mtu wa Amani, aliye chini ya Manispaa ya Mjini, asichukue jibu la ndugu yake wa Fuoni, aliye Magharibi B, wala la shangazi yake wa Bububu, aliye Magharibi A. Pemba nako, Chake Chake, Wete na Mkoani kila mji una baraza lake.

Nililojifunza ni kwamba anayekuja kukagua haji kwa sababu ya kuku. Anakuja kwa sababu ya harufu, nzi, kuku wanaozurura au jogoo anayewika saa tisa za usiku. Ukiyashika hayo manne, mazungumzo na ofisi yoyote huwa mepesi.

Nianzie wapi kabla sijajenga banda?

Anzia ukutani, kwa jirani. Kabla hujanunua hata msumari mmoja, piga hodi nyumba zinazopakana nawe, mbele, nyuma na ubavuni, useme unataka kufuga kuku wangapi na banda litakaa wapi. Watu wengi wanaanzia ofisini, na jirani anakuja kujua siku anapoisikia harufu. Hapo umeshapoteza.

Kisha nenda kwa sheha wa shehia yako. Halafu nenda baraza, uombe kuonana na wanaoshughulikia mifugo na wanaoshughulikia afya, na uombe kusoma mwenyewe sheria ndogo inayohusu mifugo. Usiridhike na maneno ya mdomo ya mtu uliyemkuta mlangoni. Uliza mambo manne: idadi gani inaruhusiwa kwa nyumba ya kuishi, banda liwe umbali gani kutoka nyumba ya mtu na kisima, kama kibali kinahitajika, na adhabu ni ipi. Andika jibu, tarehe, na cheo cha aliyekujibu.

Sheha anaweza kunikatalia?

Sheha ni mkono wa serikali mtaani, na nafasi yake imo kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 8 ya 2014. Anawajua wakaazi wake, anapokea malalamiko yao na anasuluhisha. Sheria ndogo za mifugo ni za baraza. Hata hivyo mfugaji anayemruka sheha anajitafutia taabu, kwa sababu siku ya malalamiko yeye ndiye atakayeitwa kwanza, na ni vizuri awe anakujua kwa wema.

Jirani yangu hataki kabisa. Nina haki ya kufuga kwangu?

Nitajibu kwa lililonifika.

Mwaka wangu wa tatu nilikuwa na kuku 60 wa mayai. Nilikuwa nauza trei, nimefurahi, na banda nilikuwa nimeliegemeza kwenye ukuta wa nyuma kwa sababu pale palikuwa na kivuli. Jirani wa upande ule, mama mtu mzima kuliko mimi, hakuniambia neno. Tulikuwa tunaamkiana kama kawaida. Mchana mmoja mwanawe wa miaka minane hivi akaja na sahani imefunikwa kawa. Nikasema, leo nimekumbukwa. Nilipofunua kawa nikakuta wali mweupe, na juu ya wali nzi, wengine wanatembea, wengine wameganda kwenye tui. Mtoto akasema, "Mama kasema nikuoneshe tu, kisha nirudi na sahani."

Usiku ule sikulala. Hesabu yake ni nyepesi: kuku mmoja mkubwa hutoa kinyesi cha gramu 100 hadi 150 kwa siku. Kuku 60 ni kilo 6 hadi 9 kila siku, chini ya dirisha la jiko la mwenzangu, nami nilikuwa nasafisha mara moja kwa wiki mbili. Asubuhi nilimwendea, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Nilipunguza kuku, nikalihamisha banda upande wangu wa choo, nikabadilisha ratiba ya usafi. Hajanilalamikia tena, na mayai ya Idi nampelekea mimi mwenyewe.

Kwa hivyo, ndiyo, ua ni wako. Lakini harufu haijui mpaka, na dini yetu imemweka jirani juu mno. Akikataa, muulize anachokiogopa hasa. Mara nyingi ni jambo moja tu: kisima, mtoto mwenye pumu, usingizi wa mzee, nguo zilizoanikwa. Hilo moja linaweza kurekebishwa. Akiendelea kukataa baada ya hapo, mwombeni sheha awakalishe, na makubaliano yaandikwe.

Na jogoo je? Si ndiye anayeamsha watu alfajiri?

Mtetea hahitaji jogoo ili atage. Hili nalirudia kila siku na bado wapo wasioamini. Jogoo anahitajika pale tu unapotaka mayai ya kuangua. Ukifugia mayai ya kula, mjini usiweke jogoo, na robo tatu ya ugomvi wako na mtaa imekwisha.

Wapo wanaonijibu kwamba jogoo asitukanwe kwa kuwa huamsha watu kwa sala. Ni kweli tumekatazwa kumtukana. Lakini jogoo ana saa yake mwilini, huanza kuwika kabla mwanga haujatoka, na wa jirani huitikia, basi ikawa toka saa tisa hadi jua. Nyumba ya Jang'ombe au Kwahani ina ukuta mmoja baina ya watu wawili. Kama lazima umweke, mlaze ndani ya tundu lenye giza na paa la chini, maana jogoo hunyoosha shingo juu ndipo awike vizuri. Sauti hupungua, haiishi.

Naishi nyumba ya kupanga, au fleti. Naruhusiwa?

Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, hata mistari mitatu. Mdomo husahau siku kodi inapochelewa.

Fleti ni jambo jingine. Kwenye majumba ya Michenzani au Kilimani, roshani yako ni dari ya mwenzako, na maji ya kuoshea banda yatamshukia. Nasema wazi: usifuge kuku kwenye roshani. Hata watatu. Kama nyumba yenu iko chini ya Shirika la Nyumba, fuateni masharti ya mkataba wenu, na uwanja wa pamoja usiugeuze banda lako bila kauli ya wenzako.

Mji Mkongwe?

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na ujenzi wake unasimamiwa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Banda la matofali, bati juu ya paa au kutoboa ukuta wa chokaa kunahitaji kibali chao, mbali na cha Manispaa. Ukiwa na ua wa ndani, tumia tundu la mbao la kuhamishika, kuku wanne au watano basi. Na ujue ua wa ndani ni kama bomba: harufu hupanda ghorofa zote.

Banda likae vipi lisinuke?

Hapa ndipo kesi zote zinapozaliwa, kwa hivyo nivumilie.

Kinyesi kikavu hakinuki sana. Kinachonuka ni kinyesi kilicholowa, ndipo amonia inapotoka, ile inayochoma macho ukifungua mlango asubuhi. Basi kazi yako yote ni vita na maji. Paa litokeze mbele ili mvua za masika zisipige ndani. Chombo cha maji kiinuliwe usawa wa mgongo wa kuku wasikimwage. Sakafu iinuke kidogo kuliko ua, iwe na mteremko.

Chini mwaga randa za mbao, kina cha sentimita 8 hadi 10. Mafundi seremala wengi wanafurahi ukiziondoa. Kila siku mbili zipindue. Nikitaka kujua hali ya randa, nachukua konzi moja naibana kiganjani kisha naachia: zikisambaratika ni kavu, zikibaki donge zimelowa na hapo naziondoa, nanyunyiza jivu au chokaa, naweka nyingine.

Chini ya fito wanazolalia kuku weka bati au gunia la kukinga, kwa sababu kinyesi kingi hutoka usiku. Mimi hukikusanya kila asubuhi kabla ya chai. Nzi huchukua kama siku 7 hadi 10 tangu yai hadi kuruka wakati wa joto. Ukisafisha banda lote mara mbili kwa wiki, humpi nafasi ya kumaliza safari yake.

Nafasi: kuku wanne wakubwa kwa mita moja ya mraba, wasizidi. Ukibana zaidi wanadonoana, na wakati wa kaskazi utawaona wameachama midomo, wanahema, mabawa wameyatanua. Makuti juu ya banda hupoza kuliko bati tupu. Na kisima, chako au cha jirani, kiwe mbali kwa kadiri ua unavyoruhusu, na banda lisiwe upande wa juu wake. Visima vingi vya mjini ni vifupi, na mvua huchukua kila kilicho juu.

Kinyesi nikitupe wapi?

Usitupe. Si mtaroni, si jaani, si ufukweni. Kirundike mahali pakavu penye kifuniko wiki sita au zaidi, kisha wape wanaolima mchicha na migomba. Kibichi huunguza mizizi. Kifunge kwenye viroba, maana mifuko ya plastiki Zanzibar ilishapigwa marufuku tangu 2006. Mimi nina mkulima mmoja wa Tomondo anayekuja na baiskeli kila mwezi, na siku akichelewa mimi ndiye ninayempigia simu.

Kuku wa kienyeji si wa kuachia? Nikiwafungia wataishi?

Wataishi, mradi uwalishe. Kuku mkubwa anakula gramu 100 hadi 120 za chakula kwa siku. Aliyezoea kujitafutia ukimfungia bila kumwongezea pumba, dagaa na majani, atakonda, aache kutaga, nawe utasema banda limemdhuru.

Kuku wa kuachia mjini ni mgeni asiyealikwa kila nyumba. Anachakura bustani, anapanda barzani, anaingia jikoni. Kwa ndugu zangu wa Pemba kuna jambo zito zaidi. Msimu wa karafuu, mtu ameanika majamvi yake mbele ya nyumba, siku kadhaa za jua, macho juu ya mawingu. Kuku watatu wakipita juu ya jamvi, wakachakura na kuacha uchafu wao, zile karafuu zinafika kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zina taka, na daraja linashuka. Huyo mtu hajakosewa adabu tu, ametiwa hasara ya pesa. Msimu ule funga kuku wako mchana kutwa, hata kama mwaka mzima uliwaachia.

Kunguru wanamaliza vifaranga. Nifanye nini?

Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wapunguze taka za mji. Leo wanapunguza vifaranga. Dawa ni moja: wavu juu pia, si pembeni tu, na vifaranga wasitoke nje mpaka wafike wiki sita hivi. Usimwage chakula nje, kwa sababu kunguru huja kwa pumba, akabaki kwa kifaranga. Usiku mlango ufungwe kwa kitasa, kwani pembezoni mwa mji ngawa bado wanazunguka na paka hawalali.

Mdondo ukiingia mtaani?

Mdondo, wengine huuita kideri, hauna tiba. Kuku anasinzia, anahara kijani, shingo inapinda, na ndani ya siku chache banda limebaki matundu. Kinachokinga ni chanjo. Ile ya matone, I-2, ni tone moja kwenye jicho moja kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wako. Ndiyo maana mtaani kwetu tuko nyumba saba tunaochanja siku moja. Mmoja ananunua, anaileta kwenye chupa ya chai yenye barafu. Mwingine anashika kuku kwapani, kichwa amekilaza ubavu, jicho juu. Unadondosha, unasubiri apepese, unaachia. Ukimwachia kabla hajapepesa, tone limekwenda na manyoya. Nyumba saba tunamaliza kabla ya adhuhuri, na siku ile yanazungumzwa yote ambayo yangefika kwa sheha. Wanaochanjwa wawe wazima, kwani kuku aliyekwisha ugua hafaidiki.

Mdondo huingia mara nyingi kwa kuku wa zawadi. Umekwenda shamba, bibi amekupa jogoo amefungwa miguu, unamshukuru, unamtia moja kwa moja bandani. Usifanye hivyo. Mtenge siku 14, mbali na wenzake, na chombo chake cha maji. Hivyo hivyo kuku wa sokoni aliyebaki bila kuchinjwa.

Wakifa wengi kwa mkupuo, mjulishe daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usiwachinje wanaosinzia ukauza, usigawe. Wazike shimo refu mbali na kisima, nyunyiza chokaa, nawa mikono kwa sabuni, na funika pua na mdomo unapowashika, kwa sababu mafua ya ndege nayo huanza kwa sura hiyo hiyo.

Afisa afya amekuja na anataka nibomoe banda. Nifanyeje?

Mkaribishe. Muombe kitambulisho kwa heshima, kisha mfungulie. Anayefungiwa mlango huandika mabaya zaidi ya yaliyopo.

Omba notisi ya maandishi: kosa gani, kifungu gani, siku ngapi za kurekebisha. Kama ni usafi, rekebisha kabla ya siku kwisha na umwite mwenyewe aje aone. Piga picha kabla na baada. Mwenzangu mmoja wa Mpendae alipewa siku saba, akafanya kazi siku mbili, siku ya tatu akaenda kumwita mkaguzi. Banda lake lipo mpaka leo.

Kama unaona umeonewa, mwandikie mkurugenzi wa baraza, na nakala mpe diwani wa wadi yako na sheha. Barua fupi, ya heshima, na picha. Faini yoyote ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali na upewe risiti. Pesa ya mkononi isiyo na risiti haitakutetea mwezi ujao akija mwingine.

Nikitaka kuuza mayai na nyama?

Majirani wanaonunua trei mbili tatu ni jambo moja. Ukianza kupeleka dukani au hotelini, umeingia kwenye biashara: leseni ya baraza, usajili wa jina la biashara, na kwa chakula kinachouzwa kuna Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Kuku wa kuuza usiwachinjie uani kila siku, damu na manyoya ndivyo vinavyowaleta wakaguzi haraka kuliko kitu chochote. Na ukiwapa kuku dawa, soma kwenye pakiti siku za kusubiri kabla mayai au nyama haijaliwa, uzihesabu kwelikweli.

Vifaranga kutoka Bara naweza kuja nao kwenye boti?

Uliza kibali cha kuingiza mifugo kabla hujalipia tiketi, na ununue kwa mtu anayekupa maandishi ya chanjo. Boksi la vifaranga lisilo na karatasi linaweza kukwama bandarini, na kifaranga wa siku moja hasubiri ofisi ifunguliwe Jumatatu.

Mimi sifugi. Ni jirani niliyechoka na kuku wa mwenzangu. Nianze vipi?

Nenda kwake jioni, wakati analisha, si alfajiri ukiwa na hasira ya jogoo. Mwambie jambo moja mahsusi: nzi jikoni, au kelele saa tisa, au kuku kwenye nguo. Mkaribishe aje kwako asimame pale unaposimama wewe, avute pumzi. Mfugaji amezoea harufu ya banda lake, haisikii tena. Mimi nilikuwa siisikii.

Mpe wiki mbili. Zikipita bila mabadiliko, nenda kwa sheha ukiwa umeandika tarehe na saa, kisha baraza, kitengo cha afya. Na kama unaona uzito kumkabili kwa maneno, mpelekee sahani.